Mikono Mbele ya Jeep

Jumatatu, 4 Juni 1984. Saa tisa mchana.

Punje nne za maharage ziliingia ndani ya ganda la kiberiti. Mbili tu ndizo zilizotoka.

Bulonza aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Wanaume watatu walikuwa wameinamia meza katika chumba cha nyuma cha gereji ya kaka yake, kule Bagira. Njia ilikuwa imechorwa kwa chaki juu ya mbao. Ganda la kiberiti lilikuwa jeep. Punje zilikuwa wao wenyewe: Barthélemy aliyepanga kazi, Alphonse mwenye bunduki, Gaston dereva, na Bulonza, mdogo wake Gaston. Barthélemy alizitia zote nne. Akalisukuma ganda kuteremka mlima hadi kwenye mstari wa mto. Hapo akatoa mbili, akaziweka ng'ambo.

"Hapa ni mwisho," akasema. "Kila mutu na njia yake."

Labda amesahau, Bulonza akawaza. Akaendelea kumimina chai.

"Rudilia," Alphonse akasema. Alikuwa askari zamani. Jeshi lilimfukuza, lakini bunduki hakuirudisha.

Barthélemy alinyoosha koti lake la abakosi. Aliwahi kuwa karani kwa wanunuzi wa dhahabu, na bado alikaa kama mtu aliye nyuma ya meza ya ofisi.

"Maman Agathe anapanda Luhwindja kila mercredi, na kesho kutwa pia. Ananunua dhahabu, analala kule. Kesho yake, jeudi asubuhi, anashuka. Dhahabu anaitia ndani ya termosi. Batu wote wanazania ni chai."

"Na ulinzi?"

"Askari moja. Dereva moja. Saa moja na nusu wanafika pa poste ya serikali, pale njia inagawanyika. Saa moja na nusu kunakuwaka nini?"

Alphonse akacheka. "Bendera."

"Bendera. Gari inasimama. Batu wote wanashuka. Askari, hata inzi ikimuingia mu pua, hasogei. Milango iko wazi, termosi iko juu ya kiti."

Haikuhitaji maelezo zaidi. Miaka ile, aliyetembea bendera ikipanda alilala kizuizini. Hata kuku, watu walisema, walikuwa wamejifunza kusimama.

"Tunaichukua na kutoroka," Barthélemy akaendelea. "Si kwa barabara kubwa. Tunashuka na njia ya mawe, ile ya Babeleji, mupaka Nyangezi."

Gaston aliinua kichwa. Alikuwa na miaka arobaini, na macho ya mtu aliyelala vibaya tangu alipokuwa na ishirini.

"Hakuna gari inapita kule. Mawe inapasua karteri, oili yote inamwangika, moteri inakufa. Nusu saa haimalizi."

"Njo maana tumekuja kwako, si kwa fundi mwingine."

Gaston aliufuata mstari wa chaki kwa kidole. Aliwahi kuendesha lori za watu kwenye barabara ya Mwenga miaka kumi na mitano. Alitaka lori moja, la kwake, kabla mgongo haujamwishia. Hilo tu.

"Nitaivalisha," akasema.

Jumanne. Saa mbili asubuhi.

Bamba la kwanza la kukinga tumbo la jeep lilitoka kwenye pipa la mafuta. Gaston alilikata, Bulonza akalifunga. Ni yeye aliyeingia chini ya gari kila mara, kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu chini ya gari hakuna anayekuuliza kitu. Shule aliiacha darasa la nne. Mwalimu alikuwa akimwambia asome kwa sauti, na sauti haikutoka.

Walilijaribu bamba kwenye machimbo ya mawe nyuma ya Bagira. Gaston alipandisha jeep juu ya jiwe la ukubwa wa mbuzi aliyelala, akaiachia. Mlio ukawa kama sufuria iliyodondoka kanisani. Bulonza akachungulia chini, akaonyesha kwa vidole: bamba limekunjika, linagusa karteri.

"Ni karatasi," Gaston akasema. "Tutafute chuma ya mutu muzima."

Chuma ya mtu mzima waliipata kwenye tanuri bovu la kiwanda cha chai kilichofungwa. Milimita sita. Gaston aliipinda mbele ikawa na pua ya mtumbwi, ili isigonge jiwe bali ipande juu yake. Akatoboa matundu ili moteri ipumue. Akachomelea bomba mbili nene ubavuni, chini ya milango. Mwishoni aliomba kipande cha sabuni ya mawese, akalipaka bamba lote.

"Unaiogesha?" Alphonse akauliza.

"Jiwe haipendi kubishana na sabuni. Inakuacha upite."

"Na milango? Utaweka chuma mu milango? Mimi naogopa risasi kuliko mawe."

"Kila kilo unaongeza, tumbo inashuka. Unataka kufa na risasi ao unataka kukwama na kufa na risasi?"

Alphonse aliwaza. "Haya. Ogesha."

Jumanne. Saa nane mchana.

Walikwenda kujaribu kwenye njia yenyewe. Kamba shingoni mwa mbuzi wawili, majani ya ng'ombe juu ya paa: watu wa shamba, nani awaulize.

Njia ya mawe ilikuwa kitanda cha mto uliokufa. Mawe makali juu, mawe ya mviringo chini, nyasi katikati zinazoficha yote mawili. Jeep ikishuka, dereva haoni jiwe hata moja. Anaona boneti, halafu bonde. Kwa hiyo Bulonza alitembea mbele, kinyumenyume, akimtazama Gaston usoni, akisema kwa mikono. Kiganja kushoto: leta gurudumu la kushoto. Ngumi: simama. Vidole viwili vinavyotembea: polepole, polepole, kama unaingia kwa mgonjwa. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu alipokuwa na miaka kumi na minne. Gaston hakuwahi kumuuliza mara mbili.

Bamba lilikwaruza, likalia, likateleza. Mbuzi mmoja alitapika.

Sehemu mbaya iliitwa Ngazi. Mawe saba yaliyopangana kama vidato, na katikati ya kidato cha tano jiwe moja refu, lenye mgongo. Gurudumu la kulia lilipaswa kupita juu ya jiwe bapa, la kushoto ndani ya shimo. Ukikosea shibiri moja, tumbo linakaa juu ya mgongo ule, magurudumu yote manne yananing'inia, na gari inakuwa kiti. Bulonza alimpitisha. Kulia, kulia, ngumi, vidole viwili. Chini ya Ngazi njia ilikuwa udongo laini mpaka karibu na mto.

Gaston alizima moteri. Akashuka, akalala chali, akalitazama bamba. Mikwaruzo mirefu, mingi. Tone la oili, hakuna.

"Mudogo," akasema, "nyinyi wawili munajua kazi. Wewe na ile chuma."

Alitabasamu. Ilikuwa mwaka mzima tangu atabasamu.

Jumatano. Saa kumi alasiri.

Bulonza alikuwa chini ya jeep, akikaza bolti za mwisho. Gaston alikwenda kununua mafuta. Viatu viwili vikaingia gereji, vya kung'aa. Vikafuata buti. Walimsahau. Watu walimsahau mara nyingi. Si kosa lao.

"Kumebakia kipande ya tole, ile chuma," sauti ya Alphonse ikasema. "Tuweke nyuma ya kiti ya dereva? Kama banatupiga kwa nyuma?"

"Acha wazi," Barthélemy akajibu.

"Sababu ya nini?"

"Pa mto utamupigia risasi wapi?"

Mtu akawasha sigara.

"Na mutoto?"

"Ule haongeake. Lakini anaonaka. Wote wawili."

"Gaston ni mutu muzuri, Barthé."

"Ni muzuri sana. Njo maana polisi wakimuuliza mara moja, atajibu."

Viatu vikatoka. Bulonza alibaki na ufunguo mkononi. Bolti ilikuwa imekazwa tayari, lakini aliendelea kuikaza.

Gaston aliporudi, Alphonse alirudi naye, na godoro. Chef Barthélemy amesema tulale pamoja, akaeleza, ili asubuhi tusitafutane. Alikaa mlangoni. Alikula mlangoni. Bulonza alimfuata kaka yake hadi kwenye boneti, akasimama karibu, akafungua mdomo, akamwita kama mdogo amwitavyo kaka.

"Yaya."

"Mm."

"Yaya, bale..."

"Ee! Alphonse, sikia! Leo Bulonza ameongea. Kesho mvua itanyesha mu jua ya juin."

Alphonse akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Yalibaki juu ya uso wa Bulonza. Bulonza akainama, akachukua kitambaa, akafuta taa ambayo ilikuwa safi.

Kama nikisema sasa, aliwaza, Gaston atashika nyundo. Yule mlangoni ana bunduki.

Alhamisi. Saa moja na dakika ishirini.

Jeep ilikuwa ndani ya mikaratusi, pale njia ya mawe inapoanza. Poste ilionekana chini, mwendo wa kutupa jiwe mara mbili: nyumba ya matofali, mlingoti, wanafunzi kwenye mstari. Barthélemy na Alphonse walikuwa wameshuka kwa miguu, bunduki imefungwa ndani ya mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu jana, Bulonza na Gaston walikuwa wawili tu.

Alijitayarisha usiku kucha. Maneno matatu. Wanataka kukuua pa mto. Hapana, hayo manne kama unayahesabu hivi. Aliyapanga upya.

Saa moja na dakika ishirini na nane. Gari ya Maman Agathe ikatokea kwenye kona.

Gaston alikuwa akijaribu usukani, kushoto, kulia.

Saa moja na dakika ishirini na tisa. Gari ilipunguza mwendo.

"Yaya," Bulonza akasema.

Firimbi ikalia.

Kule chini kila kitu kikasimama. Gari, mbuzi, wanawake wenye mihogo mgongoni. Maman Agathe akashuka, mnene, kitenge cha bluu. Dereva wake akavua kofia. Askari akakaza mikono mapajani. Watoto wakaanza kuimba. Na Gaston, ndani ya mikaratusi ambamo hakuna aliyemwona, Gaston aliyekuja kuiba, akatoka kwenye kiti, akasimama wima kando ya mlango wa jeep.

"Yaya, bale batu..."

"Sst," akanong'ona bila kugeuza kichwa. "Bendera."

Angeweza kuendelea. Wimbo ule una dakika mbili. Katika dakika mbili unaweza kusema habari ya mtu kuuawa na bado ukabakiwa na nafasi ya kulia. Lakini darasa la kwanza alichapwa kwa kusogeza mguu. La pili kwa kukohoa. Mwili wake ukajisimamisha wenyewe, mikono chini, kidevu juu. Alisimama pembeni ya kaka yake, wakiwa wawili peke yao mlima mzima, akanyamaza kama sheria inavyotaka.

Chini, mkono mmoja uliingia dirishani upande usiotazamwa. Ukatoka na termosi nyekundu.

Bendera ilifika juu. Alphonse na Barthélemy walikuwa tayari wanapanda mlima, wakitembea kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Alhamisi. Saa moja na dakika thelathini na sita.

"Termosi yangu!" Sauti ya Maman Agathe ilipanda hadi kwenye miti. "Baniibia termosi yangu!"

Watu wakacheka. Mama mzima analilia chai.

"Utapata ingine, maman!"

"Nitakupa ya kwangu, iko na kifuniko!"

Ndipo Maman Agathe alipojitupa chini na kugaagaa, na askari wake akaelewa kwamba hakuna chai inayoliliwa hivyo. Kicheko kikakatika. Mtu akanyoosha kidole kwenye mikaratusi.

"Washa," Barthélemy akasema. "Washa, washa!"

Jeep ikaingia kwenye mawe.

Si kukimbia kama watu wanavyofikiri. Walikimbia kwa mwendo wa mwanamke mwenye mzigo wa makaa. Bamba lilipanda jiwe, likaguna, likashuka. Bomba za ubavu zilitoa cheche. Nyuma yao gari ya Maman Agathe ilijaribu kufuata. Walisikia mlio mmoja mbaya, mkavu, halafu moteri ikafa. Karteri.

Gaston alicheka kwa sauti. "Sikieni! Haikuvaa!"

"Endesha," Alphonse akasema. Alikuwa amekaa nyuma yake hasa. Termosi ilikuwa kwenye mapaja ya Barthélemy, mikono miwili juu yake.

"Banakuya na miguu," Barthélemy akasema, akitazama nyuma.

"Miguu inachoka. Hii haichoke."

Waliwatangulia. Kona moja, mbili. Vishindo vikafifia.

Alhamisi. Saa mbili na dakika tano.

Ngazi.

Gaston alisimamisha. Bila kuambiwa, Bulonza akashuka, akaenda mbele, akageuka, akawatazama wote watatu kupitia kioo. Kaka yake, jasho kwenye nyusi, macho juu ya mikono ya Bulonza. Barthélemy akitazama saa. Alphonse, bunduki imetoka kwenye mkeka, mtutu umeegemea mgongo wa kiti cha Gaston. Hakuna chuma pale. Kitambaa na nyasi kavu.

Chini ya Ngazi, udongo laini. Robo saa, mto.

Sauti haikuja. Hata sasa. Lakini aliwaza, polepole, kama mtu anayehesabu bolti: pa mto hawatamhitaji Gaston. Hapa wanamhitaji. Gari ikikaa juu ya jiwe, hakuna atakayempiga risasi mtu anayejua kuishusha.

Akainua mikono.

Kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, ngumi, polepole. Cha nne. Gaston alifuata kila kidole. Kidato cha tano, badala ya kuonyesha kulia, Bulonza akafungua kiganja kushoto.

Gaston hakusita hata kidogo.

Bamba likapanda juu ya mgongo wa jiwe refu, likateleza kwa sabuni, likakaa. Mlio mmoja mzito. Magurudumu manne yakazunguka hewani.

"Nini?" Barthélemy akapiga kelele. "Ni nini hii?"

"Imekaa," Gaston akasema. "Nimekosea. Ngoja. Nimekosea kidogo."

"Itoe!"

"Nipe kriki. Dakika kumi."

Aliruka, akaweka kriki chini ya bomba la ubavu, akaanza kunyanyua. Jiwe lilikuwa la mviringo, kriki ikateleza. Akaanza tena. Alphonse alisimama juu yake na bunduki, akingoja. Dakika tano. Saba. Vishindo vikarudi, sasa na mbwa.

"Umetuuza," Alphonse akasema.

"Mimi? Iko karibu, Alphonse. Shika hapa, iko karibu."

Bunduki ikainuka.

"Acha!" Barthélemy alikuwa ameshaanza kushuka, termosi kwapani. "Ukipiga, watajua kona gani. Kuya!"

Alphonse alimtazama Gaston. Alimtazama Bulonza. Akatema mate, akashuka mbio.

Bulonza alimshika kaka yake mkono, akamvuta kuelekea kichakani. Akavuta kwa nguvu zake zote.

"Niache," Gaston akasema. "Siwezi kuiacha hivi. Haijawahi kukwama kwangu. Iko karibu."

Alikuwa bado ananyanyua askari na watu wa poste walipofika. Walimpiga kwanza, wakauliza baadaye.

"Na huyu?"

Gaston alitema jino. "Simujue. Alikuwa anapita na mihogo."

Askari alimtazama Bulonza. "Wewe! Jina yako?"

Sauti haikutoka. Askari akamsukuma pembeni. Bubu, akawaambia wenzake.

Jioni walimkuta Barthélemy kando ya mto, amelala kifudifudi, tundu moja mgongoni. Alphonse na termosi hawakuonekana.

Jumapili.

Miaka minane, hakimu alisema. Kila Jumapili Bulonza alipeleka bugali na sombe ya majani ya muhogo. Alikaa upande wa pili wa nondo, na Gaston alikula polepole, kwa meno yaliyobaki. Wafungwa walimwita Dereva wa Jiwe. Alicheka nao. Lakini akimaliza kula, alikuwa akichovya kidole kwenye maji na kuchora juu ya sakafu: vidato saba, jiwe refu katikati.

"Nimepita pale mardi, siku ya kujaribu, bila shida," alikuwa akisema. "Wewe ulinionyesha vizuri, najua. Ni mimi. Niliona kushoto, nikazidisha. Mikono imezeeka, Bulonza. Nikitoka sitaendesha tena."

Jumapili ya kwanza alisema hivyo. Ya kumi pia. Mvua ikaja, ikaisha, ikaja tena. Kila mara michoro ilikauka, na yeye aliikausha zaidi kwa kiganja, akaanza upya, akijaribu gurudumu hapa, gurudumu pale. Habari ya kifo cha Barthélemy aliisikia, akatikisa kichwa: maskini, na yeye nilimuangusha.

Jumapili moja alikuwa amechora hadi kidato cha nne. Kidole kilikuwa kinaelekea cha tano. Bulonza alipitisha mkono kati ya nondo, akakizuia.

"Yaya," akasema.

Mlinzi aligeuka. Hakuwahi kuisikia sauti ile.

"Haukukosea. Hata kidogo. Bale batu walikuwa wanaenda kukuua pa mto, nilibasikia nikiwa chini ya gari, na mudomo yangu ikakataa. Ni mimi nilikuonyesha kushoto. Nilikukalisha juu ya jiwe kwa kusudi."